Mwavuli wa Chura na Chumba cha Wifi Yangu

Ukitaka kumjua wifi yangu, kata karatasi mbele yake kwa mkasi butu. Hatasema kitu. Atakutazama kama mtu anayemwona mwenzake akikamua ng'ombe kwa kumvuta mkia, kisha atakupokonya huo mkasi taratibu, na kabla hujajua kilichotokea utakuwa umeshika twiga mwenye skafu shingoni.

Mtaani wanamwita Mkasi. Ni dada wa mume wangu, mrefu, mwembamba, vidole vimejaa gundi iliyokauka. Ukimsalimia asubuhi huna budi kuangalia nywele zake, maana lazima zitakuwa na kitu: nyota, bawa la bundi, siku moja sikio zima la sungura.

Mimi nakodisha viti. Viti, meza, mahema, sahani na birika za shughuli. Nilianza na viti vichache vya plastiki, kimoja mguu umefungwa waya, na leo ukiona watu wamekaa kwenye sherehe katika mji huu, jua huenda wamekalia mali yangu. Nayasema haya ili uelewe ugomvi ulihusu nini. Viti havilali hewani. Vinataka chumba. Na chumba pekee kikavu nyuma ya duka langu kilikuwa kimekaliwa na nyangumi.

Nyangumi wa karatasi, tuelewane. Aliziba dirisha zima. Juu ya mgongo wake alikaa kuku mwenye miwani, na pembeni kulikuwa na ngome ya kifalme iliyojengwa kwa maboksi ya sabuni, ukichungulia mlangoni unasoma bado "ng'arisha zaidi". Kwenye kamba za nguo walining'inia panya wenye makoti, miezi yenye ndevu, na samaki mmoja aliyebeba sanduku la safari. Mtu anaingia kutafuta sahani, anatoka anacheka peke yake, na sahani kaiacha.

Zamani wifi alikuwa kwenye kiwanda cha uchapaji. Kazi yake ilikuwa kunyoosha kingo za madaftari, na vile vipande vya pembeni aliruhusiwa kuvichukua. Siku moja ikaja mashine inayonyoosha kingo bila kuomba ruhusa ya kwenda msalani, na yeye akaambiwa ahsante. Akatoka na gunia la vipande kichwani. Ningekuwa mimi ningetukana hadi barabarani. Yeye alifika kwangu anameremeta: "Wifi! Wamenipa gunia zima!" Kwa hesabu zake, yule aliyefukuzwa kazi na gunia la takataka alikuwa amestaafu na mafao yake.

Akaanza na taji la mtoto wa jirani. Wenzake yule mtoto wakalilia yao mpaka nao wakapata. Wakafuata walimu wa chekechea, kisha maharusi, kisha watu wa sikukuu. Mwaka mpya mmoja alimtengenezea mwenye duka la dawa mti mzima wa bundi wanaosoma vitabu, na mwenye duka akaushusha mti ule mvua za masika zilipoanza, kwa huzuni kubwa, kama anayemsindikiza mgeni.

Ana masharti mawili, na hapo ndipo tulipokuwa tunagombana. La kwanza: hadithi mbele, mkasi nyuma. Mteja hasemi "nataka simba watano." Anakalishwa kwenye kigoda, anasimulia hadithi yake kwa kinywa chake, tangu hapo zamani hadi mwisho, na wifi anasikiliza mikono ikiwa mapajani. Aliyesimulia ndiye mwenye hadithi. Hapunguziwi wala haongezewi. La pili: kipande cha mwisho hakikatwi nyumbani. Anakwenda nacho kwenye shughuli, karatasi nyeupe ya manila imeviringishwa kwapani, na anakikata palepale mbele ya mwenye sherehe. "Mwisho ukikatwa mapema unachacha," anasema. Mimi nikamwambia hata mchuzi wangu haujawahi kupewa heshima hiyo.

Basi nikanunua viti vya maharusi. Vya rangi ya dhahabu, vina mito myekundu, migongo imechongwa maua. Viti vile huviachi nje chini ya turubai, ni sawa na kumlaza bibi harusi barazani. Nikamwendea mume wangu, nikamwambia aamue: dada yako au viti. Mume wangu ni mtu mwema ambaye hajawahi kuamua kitu tangu aliponioa, na hata hilo nina wasiwasi nani aliliamua. Akasema, "Nyie mtaelewana."

Nikaenda mwenyewe chumbani.

"Wifi, nyangumi wako anakula kodi."

"Wifi, viti vyako vinataka kumla nyangumi."

"Nyangumi analipa?"

"Viti vyako vinachekesha?"

"Viti havinunuliwi vichekeshe, vinanunuliwa vikaliwe!"

"Ndiyo maana watu wakikaa juu yake wananuna mpaka waone kuku wangu."

Ukikutana na mtu anayejibu hivyo, usibishane naye. Wekeana naye mkataba. Nikamwambia: una kazi ya mzee Filimbi inakuja. Nitakuwepo na viti vyangu. Shughuli ikiisha bila mteja hata mmoja kulalamika juu ya kazi yako, chumba ni chako mpaka uote mvi juu ya hizo nyota. Akilalamika hata mmoja, nyangumi anahama, na wewe unakuja kukaa kaunta kuandika risiti.

Kaunta alishawahi kuijaribu, nilipougua. Wiki ile risiti zote zilitoka dukani zimekunjwa sungura, na yeye mwenyewe alikuwa kama maua yaliyosahauliwa kwenye chupa ya soda: amesimama, lakini hayupo. Nilijua ninachomwekea mezani. Na yeye alijua.

"Sawa," akasema, akanipa mkono.

Gundi. Tukashikana pale mpaka mume wangu alipoleta maji ya moto.

Sasa mzee Filimbi. Huyu alikuwa refa wa mpira wa miguu enzi za viwanja vya vumbi, na anatimiza miaka themanini. Filimbi iko shingoni mpaka leo. Mfuko wa kushoto wa shati una kadi ya njano, wa kulia una nyekundu, na anazitumia. Ameshamwonyesha njano mbuzi wa jirani, fundi wa bomba aliyechelewa, na mimi mwenyewe, kwa kuleta viti vyenye vumbi kwenye harusi ya mjukuu wake. Unaipokea tu. Unabisha vipi na refa?

Ana watoto watatu, wote watu wazima. Waliamua kumfanyia baba yao sherehe ya hadithi aliyokuwa akiwasimulia walipokuwa wadogo, na kwa kuwa wanaogopana, wakamtuma mkubwa aje kuagiza. Huyu mkubwa ni nesi, mwanamke anayezungumza kama anakuandalia sindano. Akakaa kwenye kigoda, akavuta sketi, akaanza. Mimi nilikuwepo nahesabu vijiko.

Hapo zamani palikuwa na Kiboko aliyeogopa mvua. Mtoni anakaa kutwa, maji hadi puani, lakini tone moja la mvua likimgusa sikio anapiga kelele za kuitia polisi. Basi akaenda kwa Chura kuazima mwavuli. Chura akampa. Mvua ikaja, ngurumo zikaja, upepo ukaingia chini ya mwavuli, na Kiboko huyooo, akapaa mpaka kwenye wingu, akakuta huko juu hakunyeshi. Mwisho akashuka, akaurudisha mwavuli, akasema ahsante.

"Kiboko mkubwa," nesi akasisitiza. "Na mwavuli wa buluu. Na ahsante isikosekane."

Kesho yake akaja wa pili, dereva wa lori, mlango ukawa mdogo ghafla.

"Shemeji," akaniambia mimi, maana watu wote kwake ni mashemeji, "nasikia dada yangu kapita hapa kasema kiboko?"

"Kasema kiboko."

"Yule alikuwa analala nusu ya hadithi! Tembo! Alikuwa tembo, tena na mkokoteni. Mwavuli aliusimika juu ya mkokoteni kama kibanda, akawa anapakia abiria. Mwisho akauuza kwa faida. Nikatwe ulimi kama nadanganya." Akakaa kwenye kigoda, kigoda kikalia. "Mama Mkasi, andaa tembo. Na dada asijue."

"Umesimulia, ni yako," wifi akajibu.

Wa tatu alikuja jioni. Huyu ni kitinda mimba, ana maneno kama redio iliyopotelewa na kitufe cha kuzimia. Kumbe kwake si kiboko wala tembo mwenye hadithi. Mwenye hadithi ni Chura! Chura mdogo, mwerevu, anakaa chini ya jani na ndugu zake mia, anasubiri arudishiwe mwavuli wake, na lile likiboko halikuurudisha hadi kesho. Alipofika hapo macho yake yalilowa, mtu mzima na mkoba wake. "Niliapa nikikua nitamdai," akasema.

"Umesimulia, ni yako," wifi akajibu tena.

Alipotoka nikafunga mlango. "Wewe una akili? Wateja watatu, wanyama watatu, mwavuli mmoja umerudishwa, umeuzwa na umeibwa, ukumbi mmoja! Watauana."

"Kila mmoja kakaa kwenye kigoda, wifi."

"Basi waambie wakubaliane kwanza!"

"Hilo ni lao. Mimi nakata nilichosimuliwa."

Mfanyabiashara akiona mwenzake anajitumbukiza mwenyewe hamvuti shati. Nilichukua futi, nikapima ukuta kwa ukuta. Viti vya dhahabu vingeenea vizuri, vikibebana vinnevinne. Nyangumi alikuwa ananitazama muda wote kwa jicho lake la kizibo. Nikamgeuzia mgongo.

Siku ya sherehe nilifika mapema na lori la viti, na nilipoingia ukumbini nikasahau nilikuwa namwambia nini kijana wa mlangoni.

Ukuta wa kulia, Kiboko. Mkubwa kama alivyoagizwa, wa manila ya kijivu iliyokunjwa mikunjo myembamba, hivi kwamba ukipita karibu anatanuka na kusinyaa kama anayepumua. Kashika mwavuli wa buluu, miguu imekunjwa kwa aibu hewani, na juu yake wingu la karatasi za shashi, jepesi, linatetema. Ukuta wa kushoto, Tembo na mkokoteni, magurudumu yanazunguka kweli, abiria wamebanana: panya wenye makoti, yule samaki na sanduku lake la safari, na kuku wa miwani anadai nauli. Na darini, kutoka boriti hadi boriti, vyura. Wa kijani, wa njano, wa magazeti ya zamani, kila mmoja kwenye uzi wake, wote wanaangalia upande mmoja, wanasubiri mwavuli.

Wifi alikuwa juu ya ngazi, anafunga chura wa mwisho. "Wifi, viti vyako vinaonekana vizuri leo," akaniambia kutoka huko.

Kusema kweli, vilionekana. Alikuwa amekibandika kila kimoja chura mdogo mgongoni. Wageni walikuwa wanachagua pa kukaa kwa kuangalia sura ya chura. Daktari mzima wa meno alimhamisha mkewe kwa sababu "huyu wangu anatabasamu zaidi." Wazee wakavaa mataji. Mtu mmoja wa benki, suti kamili, akanikuta mlangoni na taji kichwani akaniuliza kama kuna lenye masikio.

Halafu wakaingia watoto wa mzee.

Nesi alimwona Kiboko, akafurahi. Akageuka akamwona Tembo.

"Huyu kafuata nini?"

"Huyo ndiye mwenyewe," dereva akasema, mikono kiunoni. "Mimi nashangaa huyo mnene wa kulia ni nani."

"Ni kiboko! Baba alisema kiboko!"

"Baba alisema tembo, wewe ulikuwa unakoroma!"

"Mimi nakoroma? Mimi? Wewe uliyekuwa unalala na kidole mdomoni mpaka darasa la nne?"

"Jamani," kitinda mimba akaingia katikati, "hadithi ni ya Chura, angalieni juu, yule mnene wenu ni mwizi tu..."

"Kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji!" dereva akamkata.

"Umeniita chura?"

"Si ndiyo hadithi yako!"

Wageni wakawa kimya, unajua kile kimya cha watu wanaosikiliza kwa nguvu. Nesi akamgeukia wifi yangu aliyekuwa bado juu ya ngazi. "Fundi, hebu shuka utueleze, kwa nini..."

Nikakaa kitini. Nikakunja miguu. Nikaanza kupanga moyoni lori la kumhamisha nyangumi.

Lakini dereva, ugomvi ulikuwa umempandisha joto. Jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. "Ukumbi huu nao ni jiko!" akafoka, akaunyoosha mkono ukutani, akawasha feni. Zote. Mpaka mwisho.

Wifi aliwahi kusema "Usi..." tu.

Vyura waliondoka kwanza. Nyuzi zilikatika prr, prr, prr, na mia nzima wakarukaruka hewani kama waliokuwa wanasubiri siku hiyo tangu wazaliwe. Wingu likapasuka likanyesha vipande vyeupe juu ya keki. Mwavuli wa buluu ukafunguka wenyewe, ukamchomoa Kiboko ukutani, na mnyama yule akapita juu ya vichwa vya watu polepole, miguu imekunjwa, na aibu yake ileile usoni, ukumbi mzima umeinua nyuso. "Anapaa!" nesi akapiga kelele, mikono mashavuni. "Si niliwaambia! Si niliwaambia anapaa!" Mkokoteni ukashika mwendo wenyewe ukapita kati ya meza, dereva anaufuata: "Shikeni abiria! Shikeni abiria!" Mkonga wa Tembo ulijikunja shingoni mwa mume wangu, naye akasimama tu, hakuamua lolote. Watoto walikuwa juu ya meza wanadaka vyura. Kisha wakubwa nao. Daktari wa meno alidaka watatu akaficha mfukoni. Yule wa benki alipanda kwenye kiti changu cha dhahabu na viatu vyake, nami nikafungua kinywa kumfokea, chura akaingia.

Filimbi ikalia.

Hujasikia filimbi mpaka usikie ile. Feni zilizimwa na sijui nani alizizima. Kila mtu aliganda alipo. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, suti nyeusi, kajifunga tai vizuri, kapuliza hadi mashipa ya shingo yamesimama. Sherehe yake ilikuwa imeanza bila yeye.

Akatembea mpaka katikati, hatua za uwanjani, mkono nyuma. Kiboko alikuwa ametua juu ya meza ya zawadi. Akamtazama. Akamtazama Tembo. Akaokota chura sakafuni, akampuliza vumbi.

"Nani kaanza?"

Watoto wake watatu, wenye watoto wao, wakanyoosheana vidole.

Kadi ya njano ikatoka. Mmoja, wa pili, wa tatu. Walipokea vichwa chini.

"Lakini baba," nesi akasema, "waambie basi. Ilikuwa kiboko au tembo?"

Mzee akaanza kucheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikashuka tumboni, mabega yakatikisika, akatafuta kiti akakaa. "Wewe ulikuwa unaogopa radi," akamwambia nesi. "Ungelala vipi bila mtu mkubwa kuliko wewe anayeogopa kuliko wewe? Huyu," akamwonyesha dereva, "hadithi isiyo na magurudumu hasikilizi. Tembo akatoka wapi? Alitoka kwa sababu kiboko hakuweza kuvuta mkokoteni, huyu mwenyewe aliniambia haiwezekani, ana miguu mifupi. Na huyu mdogo, wenzake wote wakubwa, wanamkalia. Nani atakuwa upande wake? Nikampa Chura."

Nilimwelewa mara moja. Bunda moja la mitumba, wateja watatu, na kila mmoja karudi nyumbani anaamini kapata nguo iliyoshonwa kwa ajili yake. Mzee huyu alipoteza muda wake uwanjani.

"Na mwisho?" dereva akauliza. "Uliuzwa, si ndiyo?"

"Mwisho siujui. Sijawahi kuufikia. Nilikuwa nalala kabla yenu."

Watatu wakatazamana. Kumbe kila mmoja alijitungia mwisho wake gizani, baba anakoroma pembeni.

Wifi yangu akashuka ngazi. Nywele zimejaa wingu. Akaja mbele ya mzee, akapiga goti kidogo, akatoa kwapani ile manila nyeupe.

"Shikamoo baba. Mwisho bado sijaukata. Nikate nini?"

"Marahaba binti yangu." Mzee akafikiri, filimbi inachezacheza kifuani. Ukumbini wengine bado walikuwa wamesimama juu ya viti vyangu. "Basi. Miaka ikapita, Kiboko akaona haya. Akaubeba mwavuli, akaenda kugonga kwa Chura, hodi, hodi. Chura akafungua."

Mkasi ulikuwa umeshaanza kwenda. Nyayo zikatoka, mdomo ukatoka.

"Kiboko akasema, rafiki yangu nisamehe, nimeuleta. Chura akamwangalia. Kumbe yeye mwenyewe kavaa koti la mvua. Akasema: 'Ule? Baki nao bwana. Ule ulikuwa unavuja.'"

Kitinda mimba ndiye aliyecheka wa kwanza, tena hadi akakaa chini sakafuni na mkoba wake, miaka yote ya kudai mwavuli ikamtoka kwa mkupuo. Kisha nesi. Kisha dereva akapiga meza, soda zikaruka.

"Koti," wifi akasema. Alikuwa na Chura mweupe mkononi, Chura huyo amesimama mlangoni mwake mwa karatasi, hana nguo. Akaangalia huku na huku. "Koti la mvua ni la njano. Njano zote zimeruka."

Mzee akashusha macho. Kadi bado ilikuwa mkononi mwake. Kadi ya miaka yote ile, kingo zimelainika, nyuma yake sahihi za wachezaji ambao wengine wamekwisha kuzikwa. Akampa.

Sijawahi kumwona wifi akisita mbele ya karatasi. Siku ile alisita.

"Kata," mzee akasema. "Nitamwonyesha nani tena? Hawa wameshazoea."

Akakata. Koti dogo, lina kofia, vifungo vitatu, na sahihi ya golikipa fulani ikapita mgongoni kama jina la kampuni. Mimi kichwani nilikuwa nimeshapata mnunuzi wa kadi ile, tena kabla ya keki. Nikanyamaza. Si kila siku mtu ananyamaza akiona mali inakatwa.

Lakini mkataba ni mkataba. Watu walipoanza kukaa tena, nikamwendea wifi.

"Wamelalamika watatu."

"Wamelalamikiana, wifi. Wao kwa wao. Mimi sijatajwa."

"Nesi alisema shuka utueleze."

"Kuniita si kulalamika."

Tukamgeukia mume wangu. Mkonga bado uko shingoni. "Nyie mta..."

"Kaa!" tukamwambia wote wawili.

Nikaona isiwe tabu, refa yupo. Nikampelekea mzee kesi yote, chumba, nyangumi, viti na kaunta. Alisikiliza akitikisa kichwa, kisha akawaita wanawe, mmoja mmoja, akauliza: una lalamiko na fundi? Nesi alikuwa amemkumbatia Kiboko, akasema hamwachii mtu. Dereva akasema Tembo asikunjwe, anakwenda naye hivyohivyo mbele ya lori. Kitinda mimba alitaka kujibu lakini mkoba wake ulikuwa umeshindwa kufunga, vyura wanachungulia.

Mzee akapuliza filimbi fupi. "Hakuna faulo. Mpira uendelee."

"Lakini mzee, yule wa benki kasimama na viatu juu ya..."

Mkono ukaenda mfuko wa kushoto, ukakuta mtupu. Akatabasamu. "Ningekuonyesha ya njano, binti yangu, ila imeshakuwa koti. Iliyobaki ni nyekundu. Bado una neno?"

Nikakaa. Kiti changu kilikuwa na chura aliyenuna. Nadhani alikuwa peke yake ukumbini.

Viti vya dhahabu vinalala sebuleni kwangu sasa. Mume wangu anakunywa chai kama bwana harusi kila asubuhi na hajalalamika. Na mimi sikutoka mikono mitupu, usinihurumie. Ukija kukodisha viti kwangu nakuuliza kwanza: mnamsherehekea nani, na alikuwa akiwasimulia nini? Wateja wanakaa kwenye kigoda, wanaanza "hapo zamani", na wakimaliza hakuna hata mmoja anayekumbuka kuomba punguzo.

Juzi nilikwenda chumbani kutafuta birika. Nyangumi amegeuzwa, amekatwa mdomo mpana hadi mashavuni, amewekewa meno ya maboksi ya sabuni. Ndani ya tumbo, kavu, safi, mwanga unaingia kwa tundu la maji, kulikuwa na nafasi tupu kubwa imefagiliwa vizuri.

"Nini hii?"

"Chumba cha viti vyako, wifi," Mkasi akasema bila kuinua macho, anakata. "Vya dhahabu vinaenea vyote. Nimevipima sebuleni kwako ulipokuwa sokoni."

Nikashika kiuno, nikatazama meno, nikatazama tumbo, nikamtazama yeye na nyota zake kichwani.

"Haya," nikasema. "Nalileta lori kesho."

"Lete. Ila nyangumi ni wangu," akasema, akapuliza kipande kikaanguka kutoka kwenye mkasi. "Kaa kwenye kigoda tuongee kodi."